Ndege yangu ya fomu bodi inaangukia kushoto kila ninapoirusha: nirekebishe nini kabla sijatumia shilingi nyingine?

#1 | Kipanga wa Tabata | Jumapili, saa 1:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Tangu Januari nimekuwa nikijenga ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Leo nimeirusha kwa mara ya tatu katika ufukwe wa Kigamboni, na kwa mara ya tatu imefanya jambo lile lile: inatoka mkononi, inainua pua kidogo, bawa la kushoto linashuka, kisha inajipigiza mchangani. Kisa chote hakizidi sekunde tatu.

Nilijiwekea kikomo cha shilingi 250,000. Rimoti ya FlySky FS-i6 pamoja na risiva yake (kipokezi cha mawimbi kinachokaa ndani ya ndege) nilinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia, 140,000. Mota ya 2212 isiyo na brashi, ya 1000KV (mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti), pamoja na kidhibiti mwendo cha ampea 30 vilikuwa 55,000. Sevo nne (vimota vya kusogeza sehemu za kuongozea ndege) za gramu 9 ni 32,000, betri moja ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu yenye uwezo wa kuhifadhi mAh 2200 ni 60,000, na chaja 25,000. Nilikuwa nimefika 312,000 kabla sijanunua hata karatasi moja ya fomu bodi (ubao mwepesi wa sponji uliobandikwa karatasi pande zote mbili), na mke wangu ameacha kuuliza, siku hizi ananitazama tu.

Bawa lina sentimita 100 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 20. Mota iko puani, propela ni ya inchi 10, na eleroni (vibao vinavyosogea nyuma ya bawa ili kuinamisha ndege kushoto au kulia) zipo pande zote mbili. Kwenye mizani ya jikoni ndege nzima pamoja na betri ni gramu 940. Ninachotaka kujua ni kama kosa ni la ndege au ni la mkono wangu, na kama kuna kitu cha kununua au ni cha kurekebisha tu.

#2 | Tiara 77 | Jumapili, saa 2:05 usiku

Pole kwa ndege, ndugu Kipanga, na pole zaidi kwa shemeji. Gramu 940 kwa bawa la mita moja ni nyingi mno. Hiyo umejenga stuli yenye propela. Ya kwangu ina bawa la ukubwa huo huo, mota ile ile na betri ile ile, nayo haifiki gramu 650. Gramu 300 za ziada umezipata wapi?

#3 | Gundi Moto | Jumapili, saa 2:22 usiku

Uzito ni kosa, lakini uzito hauchagui upande. Kama ndege ingekuwa nzito tu, ingeanguka leo kushoto na kesho kulia. Ikianguka upande mmoja mara tatu mfululizo, basi kuna kitu kinachoivuta upande huo, na mimi naitazama mota.

Propela yako ikizunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka nyuma, kiwiliwili nacho husukumwa kuzunguka upande wa pili, yaani bawa la kushoto linashushwa. Ndege ikishapata mwendo, eleroni zinaweza kupambana na msukumo huo. Sekunde ya kwanza baada ya kutoka mkononi bado haina mwendo, nawe umeshafungua mota yote. Dawa yake ni washa mbili nyembamba (vile visahani vya chuma vyenye tundu) nyuma ya skrubu za kushoto za mota, ili mota itazame kulia kwa nyuzi 2 au 3, na pia itazame chini kidogo. Washa mbili haziwezi kukufilisi.

#4 | Mwalimu Mizani | Jumapili, saa 3:10 usiku

Naomba kuweka hesabu mezani kabla watu hawajaanza kugombana.

Bawa la sentimita 100 kwa 20 lina eneo la mita za mraba 0.2. Kwa hewa ya Dar es Salaam yenye joto la nyuzi 30 hivi, na kwa bawa la kawaida la kujikunjia mwenyewe, ndege ya gramu 940 inahitaji takribani mita 9 kwa sekunde ili isidondoke, yaani kama kilomita 32 kwa saa. Ndege hiyo hiyo ikiwa ya gramu 600 inahitaji kama kilomita 25 au 26 kwa saa. Mtu anayekimbia mchangani kwa kandambili na kurusha kwa mkono mmoja anaweza kuifikia ile ya pili, ila kwa ile ya kwanza namwonea huruma.

Sasa nije kwa Gundi Moto. Mota kama hiyo ikivuta ampea 13 kwenye seli tatu na kuzungusha propela ya inchi 10 karibu mara 7,500 kwa dakika, msukumo wake wa kugeuza kiwiliwili ni sawa na kuning'iniza kitu cha gramu 25 hadi 30 kwenye ncha ya bawa la kushoto. Ukirusha ndege iliyoning'inizwa betri ya simu ndogo kwenye ncha moja, usishangae ikielekea huko. Kwa hiyo nyote wawili, wa namba 2 na wa namba 3, mna haki, na hilo ndilo linalonisumbua: hesabu haisemi nani ana haki zaidi.

Ndugu Kipanga, hujatueleza ndege inasimama sawa wapi ukiibeba kwa vidole viwili chini ya bawa. Pima kutoka ukingo wa mbele.

#5 | Kipanga wa Tabata | Jumapili, saa 3:48 usiku

Nimepima sasa hivi juu ya meza ya kulia chakula. Inasimama sawa kwenye sentimita 9 kutoka ukingo wa mbele. Ni mbaya?

#6 | Mwalimu Mizani | Jumapili, saa 3:55 usiku

Ni mbaya sana. Upana wa bawa lako ni sentimita 20, kwa hiyo kitovu cha uzito kinapaswa kuwa kati ya sentimita 5 na 6.5 kutoka mbele, yaani robo hadi theluthi ya upana. Mkia wako ni mzito. Ulisema mwenyewe kwamba inainua pua kidogo kabla ya kuanguka: pua ikiinuka mwendo unapungua, na mwendo ukipungua bawa linaacha kubeba. Zile gramu 30 za Gundi Moto zinakuja mwisho kumalizia kazi iliyokwisha kufanywa na mkia. Sogeza betri mbele.

#7 | Gundi Moto | Jumapili, saa 4:12 usiku

Kwa heshima zote, Mwalimu, nimewahi kurusha ndege yenye mkia mzito, tena mzito wa aibu. Inapanda na kushuka kama mashua kwenye mkondo wa Nungwi, lakini haichagui kushoto. Swali letu tangu mwanzo ni kwa nini kushoto.

#8 | Dada wa Ardhi | Jumatatu, saa 12:30 asubuhi

Habari za asubuhi. Nilisoma usanifu majengo, kwa hiyo fomu bodi naijua kuliko ninavyozijua ndege. Nilikata fomu bodi kwa miaka mitano kutengeneza mifano ya majengo ambayo hayatajengwa.

Ninyi akina kaka mnasema fomu bodi kana kwamba ni kitu kimoja. Michoro mingi ya bure ya mtandaoni, hasa ile ya Flite Test, kundi la wajenzi wa ndege za rimoti la Marekani, imepimwa kwa fomu bodi yao nyepesi ya bei nafuu, ambayo karatasi yake ya juu ni nyembamba. Tunayouziwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi hapa mjini ina karatasi nene iliyolainishwa kwa ajili ya kubandikia picha. Unene ni ule ule wa milimita 5, mchoro ni ule ule, lakini ndege inatoka nzito. Ndugu Tiara, gramu zako zile ulizouliza ziko kwenye karatasi hiyo na kwenye gundi.

Kuna njia ya kupunguza: pangusa upande mmoja kwa kitambaa chenye maji kidogo, subiri, kisha bandua karatasi taratibu. Upande wa ndani ya bawa hauhitaji karatasi. Lakini usibandue pande zote mbili bila kuweka ufito, kwa sababu karatasi ndiyo inayobeba nguvu. Sponji peke yake inavunjika kama andazi la jana.

La pili, ambalo hakuna aliyeliuliza: ndege hiyo inasafirije kutoka Tabata hadi Kigamboni? Fomu bodi iliyoachwa juani au nyuma ya kioo cha gari hujipinda upande mmoja. Ishike kwa mkia, uitazame kwa jicho moja kama fundi seremala anavyotazama ubao, kisha utuambie kingo za nyuma za mabawa mawili zinalingana au hazilingani.

#9 | Kipanga wa Tabata | Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Dada, umeniweza. Inasafiri kwenye buti la gari la jirani, na tukisubiri kivuko gari huwa limesimama juani. Nimeitazama kwa jicho moja kama ulivyosema. Ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto, karibu na ncha, umeinuka kama milimita 3 kuliko wa kulia.

#10 | Dada wa Ardhi | Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Basi bawa la kushoto linabeba kidogo kuliko la kulia, na ndege inaangukia kushoto. Mimi nimemaliza, naenda kazini.

#11 | Gundi Moto | Jumatatu, saa 1:31 asubuhi

Dada hajamaliza. Milimita 3 karibu na ncha zinaweza kurekebishwa na eleroni kwa kubonyeza vitufe vya rimoti mara chache. Msukumo wa mota haurekebishwi hivyo, kwa sababu unabadilika kila unapoongeza au kupunguza mwendo.

#12 | Fundi Lehemu | Jumatatu, saa 7:20 mchana

Mnajadili milimita wakati mwenzetu ameshatumia 60,000 kwa betri moja. Mimi ninatoa seli za mviringo ziitwazo 18650 kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa, nazipima kwa mita, zile nzima naziunganisha tatu kwa lehemu, na gharama yake ni soda mbili kwa kijana wa duka la matengenezo. Tena seli tatu zina uzito wa gramu 140 hivi, wakati ile lipo ya mAh 2200 ina gramu kama 180. Mkuu, hapo umepunguza uzito na gharama kwa pamoja.

#13 | Gundi Moto | Jumatatu, saa 7:44 mchana

Fundi, hapa nitakupinga kabla mtu hajaunguza nyumba. Seli ya kompyuta mpakato ya mAh 2200 imetengenezwa kutoa ampea 4 au 5 bila kuchoka, kwa sababu kompyuta haihitaji zaidi. Mota ya Kipanga ikifunguliwa yote inaomba 12 hadi 15. Volti zitaporomoka, seli zitachemka, na ndege itakosa nguvu pale pale inapozihitaji. Uwezo wa kuhifadhi si uwezo wa kutoa. Lipo iliyoandikwa 25C, yaani kutoa mara 25 ya uwezo wake, yenye mAh 2200 inaahidi ampea 55, na hata ukiamini nusu tu ya kilichoandikwa, ambavyo ndivyo ninavyofanya mimi, bado inatosha mara mbili.

#14 | Fundi Lehemu | Jumatatu, saa 8:02 mchana

Nakubali kwa mota ya 2212. Mimi ninazitumia kwenye ndege ndogo yenye mota inayovuta ampea 4, nilipaswa kulisema hilo. Kuhusu kuunguza nyumba, hata lipo yenyewe si malaika: usiichaji ukiwa umelala, usivuke volti 4.2 kwa kila seli, usiitumie hadi ishuke chini ya 3.3, na kama umevimba mfuko wake usiirudishe kwenye chaja kwa kuwa tu iligharimu fedha. Ya 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2, si zaidi. Mimi huchajia ndani ya chungu kikuukuu, na mama mkwe anadhani napika dawa.

#15 | Babu wa Redio | Jumatatu, saa 2:15 usiku

Vijana, nimesoma yote. Nimetengeneza redio Kariakoo tangu wakati ambao rimoti za vitu vya kuchezea zilitumia megahetsi 27 na antena ndefu kama fimbo ya kuchungia, na dereva wa lori mwenye redio ya mawasiliano akipita karibu gari lako la kuchezea linajiendesha lenyewe. Siku hizi mna gigahetsi 2.4 na mnadhani matatizo ya redio yamekwisha.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza umeme wa risiva unatoka wapi. Unatoka kwenye kidhibiti mwendo, ambacho hukata volti 11 za betri kuwa 5 na kuzigawa kwa risiva na sevo zote nne. Vya bei nafuu huahidi ampea 2. Sevo moja ya gramu 9 iliyokwama, kwa mfano kwa sababu waya wake wa kusukuma umebana, hula zaidi ya nusu ampea peke yake. Sasa kijana anafungua mota yote, anashtuka, anavuta vijiti vyote kwa pamoja, volti zinashuka, risiva inazimika kwa muda mfupi na kuwaka tena. Kwa muda huo eleroni zimebaki pale zilipokuwa. Kama zilikuwa zimeelekea kushoto, itaanguka kushoto.

Mwambieni amshikishe mtu ndege kwa nguvu, afungue mota yote, acheze vijiti vyote kwa pamoja na atazame taa ya risiva. Vidole viwe mbali na propela. Nimeona dole gumba la mtu likishonwa.

#16 | Mwalimu Mizani | Jumatatu, saa 2:40 usiku

Shikamoo, Mzee. Hilo la umeme sikulifikiria kabisa, na ninaliheshimu. Lakini risiva ikizimika mara tatu, kwa nini mara zote tatu eleroni ziwe zimeelekea kushoto?

#17 | Babu wa Redio | Jumatatu, saa 2:47 usiku

Marahaba, Mwalimu. Kwa sababu mtu anayerusha kwa mkono wa kulia huku rimoti ikiwa mkono wa kushoto, kidole chake kinakuwa wapi? Jaribu wewe mwenyewe mbele ya kioo.

#18 | Mvuvi wa Kunduchi | Jumanne, saa 11:50 alfajiri

Mimi si mtu wa ndege, ni mtu wa bahari, ila kaka yangu mdogo anazirusha na mimi ndiye ninayeziokota majini. Ndugu Kipanga anasema Kigamboni, ufukweni, jioni, tena mwezi huu wa tatu. Kaskazi bado inavuma, inatoka baharini, na alasiri ndiyo kali. Je, alirusha akiwa ameielekea bahari au akifuata ufukwe? Kama alifuata ufukwe huku bahari ikiwa mkono wake wa kulia, upepo uliingia chini ya bawa la kulia na kuliinua, na la kushoto likashuka. Hata ngalawa ukiiweka ubavu kwa upepo huo inalala upande ule ule. Arushe alfajiri kabla upepo haujaamka, tena akiupa uso.

#19 | Kipanga wa Tabata | Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Nilifuata ufukwe. Bahari ilikuwa kulia kwangu. Mara zote tatu.

#20 | Tiara 77 | Jumanne, saa 12:26 asubuhi

Sasa tuna uzito, mota, mkia, bawa lililopinda, umeme, kidole na kaskazi. Imebaki kumlaumu jirani mwenye buti.

#21 | Droni Mbili | Jumanne, saa 4:05 asubuhi

Ndugu zangu, kwa fedha hizo si angenunua droni ndogo inayojisimamia yenyewe hewani? Akichukua iliyo chini ya gramu 250 hata vibali havihitaji.

#22 | Mkaazi wa Ukonga | Jumanne, saa 4:40 asubuhi

Naomba kumsahihisha Droni Mbili. Gramu 250 ni mstari wa Marekani kuhusu usajili wa ndege za kujiburudisha; usiuhamishie hapa. Kwetu anga iko chini ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kuna kanuni za mwaka 2018 kuhusu vyombo vya anga vinavyoongozwa kwa mbali. Kwa droni, Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Kuna watakaosema kwamba ndege ya sponji isiyo na kamera ni mwanasesere tu, na wengine watasema kinachoruka kwa rimoti ni chombo cha anga hata kiwe cha boksi la televisheni. Nimesikia pande zote mbili zikitetewa kwa nguvu. Ofisi za TCAA ziko Banana hapa hapa kwetu Ukonga. Mtu aende na barua yake aulize, jibu lao ndilo litakalomlinda.

Ila hata bila barua, usithubutu kurushia Tabata, Segerea, Kipawa wala Gongo la Mboto. Huku ndege kubwa zinapita juu ya mabati yetu zikiwa zimeshatoa magurudumu. Na kando ya kambi za jeshi usisogee hata na tiara.

#23 | Droni Mbili | Jumanne, saa 4:58 asubuhi

Nimeelewa, asante kwa kusahihisha. Bado nasema droni haiinui pua.

#24 | Tiara 77 | Jumanne, saa 3:30 usiku

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa hawajanunua kitu, naomba niseme namna nilivyoanza mimi, kwa sababu Kipanga alianzia kwenye rimoti na mimi nilianzia kwenye takataka.

Ndege zangu tatu za kwanza hazikuwa na mota. Nilichukua sponji nyeupe iliyofungiwa televisheni, nikakata bawa kwa wembe, nikaweka kijiti cha mshikaki kama ufito wa ndani, na bawa nikalifunga kwenye kiwiliwili kwa mipira ya kufungia noti, ili likigonga chini lichomoke badala ya kuvunjika. Sponji hiyo usiipake supagluu, inayeyuka mbele ya macho yako na kubaki shimo. Tumia gundi nyeupe ya mbao na uvumilie usiku mmoja. Puani nilibandika sarafu moja moja hadi ikateleza hewani bila kupanda wala kuchimba. Gharama yote haikufika 5,000, na kitovu cha uzito nilikijua kwa mkono kabla ya kukijua kwa hesabu za Mwalimu. Baadaye nilitumia wiki tatu kwenye PicaSim, programu ya bure ya kuigiza urushaji, nikaangusha ndege za bure mamia kwa mamia. Ndipo nikanunua rimoti. Waya za kusukuma eleroni ni spoku za baiskeli hadi leo.

Kipanga, irushe bila mota. Tafuta majani marefu, isukume tu kama unavyorusha karatasi. Ikienda kushoto mota ikiwa imezimwa, Gundi Moto anyamaze. Ikienda moja kwa moja, Dada wa Ardhi anyamaze.

#25 | Gundi Moto | Jumanne, saa 3:41 usiku

Nakubali sharti.

#26 | Dada wa Ardhi | Jumanne, saa 3:52 usiku

Nakubali pia, mradi asirekebishe bawa kwanza.

#27 | Kipanga wa Tabata | Jumamosi, saa 2:10 asubuhi

Wakuu, nimerudi. Leo nilikuwa Kigamboni saa 12:20 asubuhi, kwenye kiwanja chenye majani nyuma ya ufukwe, hakuna upepo wa kutikisa hata jani la mnazi. Sijarekebisha kitu. Nimeirusha mara tatu bila mota. Mara ya kwanza imekwenda moja kwa moja kama mita 12. Mara ya pili imeinama kushoto. Mara ya tatu imeingia kwenye mchongoma, na siwezi kusema ilikuwa na nia ya kwenda wapi.

Jaribio la Babu nalo nimelifanya, jirani akiwa ameishika. Taa ya risiva imepepesa mara moja katika majaribio kama kumi. Sevo moja ya eleroni inanguruma hata bila kuguswa.

#28 | Mwalimu Mizani | Jumamosi, saa 2:25 asubuhi

Katika miaka yangu yote ya kusahihisha ripoti za maabara sijaona majibu yaliyogawanyika kwa haki namna hii.

#29 | Babu wa Redio | Jumamosi, saa 2:33 asubuhi

Taa haipepesi bila sababu. Legeza waya wa sevo hiyo inayonguruma.

#30 | Gundi Moto | Jumamosi, saa 2:38 asubuhi

Ile iliyokwenda mita 12 moja kwa moja ndiyo halali. Ya pili aliinamisha kiganja.

#31 | Dada wa Ardhi | Jumamosi, saa 2:41 asubuhi

Ile iliyoinama kushoto ndiyo halali. Ya kwanza alisukuma kwa nguvu mno.

#32 | Kipanga wa Tabata | Jumapili, saa 3:05 asubuhi

Wakuu, imeruka! Nilikesha nikiifanyia kazi. Nimesogeza betri hadi puani, na sasa inasimama sawa kwenye sentimita 6. Nimebandua karatasi ya ndani ya mabawa na kutupa kifuniko cha kiwiliwili, ikashuka hadi gramu 790. Ukingo uliopinda nimeunyoosha kwa hewa ya moto ya kikaushia nywele cha mke wangu, yeye akiwa amesimama pembeni kukilinda. Nimeweka washa mbili nyuma ya skrubu za kushoto za mota, nimelegeza waya wa sevo, na nimerusha saa 12:15 asubuhi nikiupa upepo uso, mota ikiwa nusu. Imekaa hewani sekunde 41 na kutua tumbo kwenye majani bila kuvunjika kitu. Sijanunua chochote isipokuwa washa.

#33 | Tiara 77 | Jumapili, saa 3:09 asubuhi

Hongera sana! Shemeji ameiona?

#34 | Mwalimu Mizani | Jumapili, saa 3:20 asubuhi

Hongera, ndugu Kipanga. Lakini umebadilisha mambo mengi kwa usiku mmoja, na sasa hatutajua kamwe ni lipi lililoiponya.

#35 | Gundi Moto | Jumapili, saa 3:24 asubuhi

Washa.

#36 | Dada wa Ardhi | Jumapili, saa 3:26 asubuhi

Kikaushia nywele.

#37 | Mvuvi wa Kunduchi | Jumapili, saa 3:40 asubuhi

Alirusha alfajiri, akaupa upepo uso. Nilisema.

#38 | Kipanga wa Tabata | Jumapili, saa 12:55 jioni

Shemeji ameiona, Tiara, na amesema ni nzuri lakini ingependeza ikiwa na rangi. Mwalimu, nilitaka kutoa washa moja tu ili tujue, lakini leo mchana masika yameanza na kiwanja kimekuwa bwawa. Nilikuwa nimesahau kusema jambo moja kuhusu zile sekunde 41: nikiongeza mota, sasa inavutwa kulia.